Vita Visivyo na Chanzo

Wizara inayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, kuanzia muhula huu, Vita Kuu vya Dunia havitakuwa tena na chanzo. Waraka huo Mkurugenzi wa Mitaala aliusaini kwa mkono wake. Alikuwa amegundua, baada ya utafiti wa kina, kwamba mwanafunzi akishajua nani alianza vita huharibika tabia: kesho atauliza nani alianzisha na mambo mengine. Somo zima la usuli wa vita likafupishwa kuwa sentensi moja: "Vita vilizuka, pande zote zikasikitika."

Siku ya uzinduzi alikwenda shuleni mwenyewe. Wanafunzi arobaini walikariri sentensi ile mpaka madirisha yakatetemeka. Mwalimu wao wa historia, mama wa makamo mwenye barua mbili za onyo kwa kosa la kufafanua, alisimama kando ya ubao akijizuia kufafanua. Barua ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

Ndipo Mkaguzi Mkuu akaingia, akajibwaga kwenye kiti chenye mto.

"Samahani, ndugu, hicho changu," Mkurugenzi akasema.

"Kimeandikwa jina?"

Kumbe dereva wa Mkurugenzi na karani wa Mkaguzi walikuwa mlangoni wakingoja neno tu. Kufumba na kufumbua, Mkurugenzi alikuwa na jino moja pungufu.

Kamati ya uchunguzi ikaketi darasani humo humo. Aliyeanza angevuliwa cheo. Mkurugenzi alikuja kifua mbele, maana arobaini wazima walimwona Mkaguzi akirusha ngumi ya kwanza.

"Haya, mwanangu, nani alianza?" Mwenyekiti akamuuliza binti wa dawati la mbele.

"Vilizuka, mzee. Pande zote zikasikitika."

Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu alitanguliza shikamoo.

Mkurugenzi akamgeukia mwalimu. "Mama, nakuomba, waambie waseme ukweli!"

"Ningependa, mheshimiwa. Ila nina barua mbili."

Uvumilivu ukamshinda Mkurugenzi. Akanyakua chaki.

"Ngumi si chanzo!" akafoka. "Mnadhani hata Vita Kuu vilianza siku risasi ilipolia? Watu walishalimbikiza bunduki na vinyongo miaka mingi! Lazima muanzie nyuma, mwone kinyongo cha Mkaguzi huyu kilikotoka!"

Akaanzia nyuma. Akachora mishale ubao mzima: jinsi alivyomhamishia Mkaguzi ofisi ya jirani na choo, jinsi alivyomnyima gari mwaka mzima, jinsi alivyofanya mapatano na dereva asubuhi ile ile, aje na viatu vizito. Wanafunzi waliandika mpaka vidole vikawauma. Tangu waanze shule hawakuwahi kufundishwa vizuri namna hiyo, na mwalimu wao, kusema kweli, aliona wivu.

Alipomaliza alikuwa akihema kwa ushindi. Mwenyekiti akafuata mishale kwa macho, mmoja mmoja. Yote ilitoka kwa mtu mmoja.

Mama akainua kifutio, kama ilivyo desturi kipindi kikiisha.

"Acha, mwalimu," Mwenyekiti akasema. "Huo sasa ni ushahidi."