Namba Mbili Nilizozibadilisha

Jumapili, 2 Novemba 2025

Talal, mkuu wetu, anahama. Kiti cha mkuu wa timu kiko wazi! Bwana Nasr, mwenye kampuni, atamtaja mrithi Alhamisi, tukishamwonyesha mteja kazi yetu. Mteja ni Humaid, mwenye gereji mtaa wa Wadi Kabir. Anataka watu waandikishe magari yao kwa simu, wasimpigie yeye wakati anakula.

Tunaokitaka ni wawili. Mimi nimeandika seva, programu inayopokea taarifa, kwa lugha ya Python. Ibtihal, binti wa jirani yetu Bi Rahila, ameandika programu ya simu kwa Kotlin. Lugha hizo hazielewani hata kidogo. Kinachozipatanisha ni faili moja tunayoiita mkataba: kila taarifa ina namba yake. Namba tatu, jina la mteja. Namba nne, tatizo la gari. Njiani inasafiri namba tu na kilichojazwa, na upande wa pili hutazama mkataba ujue namba hiyo ni ya nini. Sheria ya ofisi: namba ikishatolewa, haiguswi.

Haiguswi! Kwani bibi harusi?

Nyumbani nikamwambia Mama kiti nimeshapata. Sikukusudia. Mdomo ulinitangulia.

Jumatatu, 3 Novemba

Mama ametangaza mtaa wetu mzima wa Bawshar. Ijumaa watu wanakuja kula mchana. Halwa imeshaagizwa! Nikamwomba angoje kidogo. Akasema ananijua mwanawe, nna haya tangu mdogo.

Kazini sikutulia. Karaki, ile chai ya maziwa, glasi nne, uwanja wa magari mizunguko sita. Bwana Nasr alipita mezani kwa Ibtihal akacheka. Alipita kwangu akaangalia saa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Nimeingia kwenye mkataba nikazibadilisha namba mbili: tatizo la gari sasa ni tatu, jina la mteja ni nne. Yote mawili ni maandishi, kwa hiyo mashine haitanung'unika. Seva yangu itafuata namba mpya, programu ya Ibtihal itabaki na za zamani. Alhamisi itababaika mbele ya watu. Nitainuka taratibu, nitatengeneza kwa dakika mbili. Kiti changu.

Nilifurahi mno hata nikashindwa kukaa. Nikaenda kununua karaki.

Jumatano, 5 Novemba

Ibtihal kaja na vitumbua vya Bi Rahila. Akauliza kama nataka tuijaribu kazi pamoja kabla ya kesho. Nikasema hakuna haja. Akaniwekea vitumbua vitatu vyenye mafuta ya moto. Roho ikaniuma kweli, nikakaribia kumwambia yote. Nikala cha tatu, ikatulia.

Alhamisi, 6 Novemba

Ya Rabbi.

Humaid alishika simu, akaandika jina lake, na gari lina nini: breki zinalia. Sote tukageukia skrini ya ukutani, ile itakayotumika gereji, inayosoma kutoka kwenye seva yangu. Ikatokea hivi. Mteja: Breki zinalia. Tatizo la gari: Humaid.

Humaid akauliza kwa upole nani kawaambia yeye ndiye tatizo.

Nikaruka. Nikasema ni programu ya simu, mimi nilionya! (Sikuonya.) Ibtihal akainyanyua simu: huko kila kitu kiko sawasawa. Kumbe programu yake inausoma mkataba upya kila asubuhi. Namba mpya anazo. Nisiyekuwa nazo ni mimi! Jumanne nilikimbilia karaki bila kuizima seva na kuiwasha tena. Iliyokuwa inakwenda ni ile ile ya Jumatatu.

Ibtihal akasema tu, "Suud, iwashe upya seva yako." Nikaiwasha. Ikawa sawa. Humaid akacheka hadi akapangusa macho, akakubali kazi.

Alipoondoka, Ibtihal akaufungua mkataba mbele ya Bwana Nasr. Kila badiliko hubaki na jina la mfanyaji. Jumanne, saa nne na robo asubuhi: Suud. Nalijua hilo. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu!

Kiti kapewa Ibtihal.

Ijumaa, 7 Novemba

Watu thelathini. Wali, mishkaki, halwa sinia mbili. Bi Rahila akaingia anapiga vigelegele kwa ajili ya bintiye. Mama akanitazama. Nikatazama zulia.

Kisha Mama akainua sauti: "Nnawaambia, leo tunamfurahia Ibtihal wetu!" Akamkatia halwa yeye wa kwanza. Kwangu hakuleta. Baadaye jikoni akasema hatanigombeza, na alivyolisema pole pole ndivyo nilivyoona aibu zaidi. Nikaapa kimoyomoyo: hila basi. Khalas.

Jumapili, 9 Novemba

Mkuu mpya katoa sheria: mimi nikitaka kubadilisha kitu, lazima Badr akipitie kwanza. Badr, aliyekuja mwaka jana! Anasoma kila mstari, na midomo inacheza.

Nimekaa nimefikiri vizuri nilikosea wapi. Si namba. Namba zilikuwa barabara. Kosa lilikuwa jina lililobaki pale: langu.

Badr akienda kuswali adhuhuri, kompyuta yake huiacha wazi.