Mama Brayo wa Chumba cha Pili

Wasee, leo nimeaibika mbele ya kanisa nzima, na nawaambia kabla msikie kwa wengine.

Mnajua nasaidia hapa Kawangware, kwa kanisa ambapo watu waliotoroka fujo za Kibera wanalala. Kuna kompyuta mzee pale, na mtaalamu ni mimi (nilisoma BASIC, ile lugha ya kuandikia programu, muhula mmoja, lakini nani anauliza?). Nikaandika programu ya kutafuta waliopotezana. Unaandika jina kwa kibodi, amri ya INPUT inalishika, halafu programu inasoma faili la majina moja moja. Ikilipata, inakuambia mtu wako yuko chumba gani. Kitu safi!

Shida ni moja. Siku hizi ukiuliza mtu jina la pili, lile linaloonyesha kabila, anakuangalia kama umeficha panga. Kwa hivyo wote walijiandikisha Mama fulani, Baba fulani. Nikaona ni sawa tu.

Leo asubuhi akaja jamaa wa Laini Saba, huko Kibera, slipa mbili za rangi tofauti, macho mekundu. Hajaona bibi yake na mtoto tangu nyumba ichomwe.

"Anaitwa nani?"

"Mama Brayo."

Nikabonyeza Enter kwa madoido (watu walikuwa wanaangalia!). Papo hapo: MAMA BRAYO, CHUMBA 2.

"Amepatikana!" nikapaza sauti. Makofi! Jamaa akatoka mbio, akakumbatia mama aliyetokea mlangoni mwa chumba hicho.

"Wee! Nani huyu?" mama akamsukuma. Bwana yake akatokea nyuma na mwiko.

Kumbe tuko na Mama Brayo wanne. Na programu yangu ikipata wa kwanza, inaridhika, inaacha kusoma. (Uvivu huo imerithi kwa mwenyewe, yaani mimi.)

Jamaa akanirudia akilia. "Kijana, unanichezea? Bibi yangu yuko wapi?"

 Niliomba stima ipotee.

"Baba Brayo?" Sauti ilitoka jikoni. "Ni wewe unapigia watoto wa watu kelele?"

Alikuwa mama mmoja anayetupikia uji hapa, mtoto mgongoni. Jagi ilianguka. Walishikana, wakalia, nasi tukalia. Woi!

Halafu akapangusa macho, akanigeukia. "Na wewe, si ni mimi hukuletea uji hapo kwa kompyuta yako kila asubuhi?"

Pasta ameifunika kompyuta na kitambaa. Kuanzia kesho, anayetafuta mtu asimame mlangoni apige nduru. Na tafadhali, msicheke. Uji wa kesho sijui nitauomba na uso gani.