Kandambili Yuko Mtaroni na Watoto Wananisubiri

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekwisha. Mama Maktaba amepita kibandani asubuhi kuchukua viatu vyake, na kabla sijamfungia kwenye gazeti akasema Jumamosi niende maktaba, watoto wanataka kuniuliza maswali. Mimi! Mbele ya watu! Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nikitaka kukataa, neno ndiyo hutangulia mlangoni, neno hapana linabaki linatafuta shati.

Yeye ndiye aliyenipa daftari hili. Anasema mwandishi lazima aandike kila siku. Haya, naandika. Mimi ni fundi viatu. Watoto wa shule wakija na kiatu kimeachama, wanakaa kwenye benchi, mguu mmoja chini mwingine hewani, wanasubiri. Mtoto anayesubiri bure anachezea gundi. Ndiyo nikaanza kuwapa hadithi huku nashona, kichwa chini, ya Kandambili wa kushoto aliyempoteza mwenzake akaenda kuishi Nchi ya Viatu Pweke. Huko mfalme ni Buti, na viatu vya visigino virefu kazi yao majungu. Mama Maktaba akanirekodi kwenye simu, akaandika yote, yakawa kitabu. Kitabu kweli! Chenye picha! Dada yangu amekiweka juu ya kabati, na mtu yeyote haruhusiwi kukigusa, hata mimi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Maktaba. Nawashukuru hata wachezea gundi.

Tatizo moja. Kitabu kinaishia pale Kandambili ametumbukia mtaroni. Niliishia hapo kwa sababu kiatu cha siku hiyo kilikuwa kimekwisha, mwenyewe akavaa akaenda zake. Sasa Jumamosi atakuwepo mama mmoja mchapishaji wa vitabu. Akipenda atakachokiona, anatoa kitabu cha pili. Asipopenda, hakuna cha pili, na Kandambili anaozea mtaroni milele. Watoto lazima watauliza anatokaje.

Sijui anatokaje. Naapa sijui.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata akili! Maswali ya watoto ni mengi lakini ni yaleyale. Nimeyasikia yote hapo kwenye benchi. Basi nikiyajibu mapema, Jumamosi wataniuliza nini? Watanisalimia, nitapunga mkono, tutakwenda nyumbani.

Nimepasua boksi la viatu, nimeandika kwa kalamu nene, nimelitundika nje liwe ubao. Nchi ya Viatu Pweke ipo kweli? Ipo, chungulia chini ya kitanda chako. Mawazo unayatoa wapi? Kwenye soli, zimetembea kuliko mimi. Umesoma mpaka wapi? Mpaka pale shule iliposema inatosha. Unaweza kuniweka kwenye kitabu? Lete kiatu kwanza, tutaongea. Kandambili anatokaje mtaroni? Hapo nikamwaga gundi. Kwa bahati mbaya ya makusudi.

Mchana benchi limejaa watoto wenye viatu vizima. Wamesoma ubao, wamekuja na maswali ya ubao! Kama ni chini ya kitanda, kitanda cha nani? Na anayelala chini je? Na anayelala na bibi yake, achungulie upande gani, na bibi akiamka akauliza unatafuta nini, aseme nani amemtuma?

Kuna binti namwita Kamba Nyekundu. Watoto wote nawaita kwa viatu vyao, ndivyo ninavyoviangalia. Huyu vyake ni vyeusi, kamba nyekundu, moja ndefu kuliko nyingine. Amesoma ubao kwa kidole mpaka kwenye gundi. Akaikwangua kwa kucha. Akawageukia wenzake akawaambia taratibu, kama daktari, kwamba chini hakuna kitu, fundi hajui.

Nikainama zaidi. Nikajishona kidole.

Lakini wamesoma ubao wote bila kusaidiwa, hata wale wadogo. Nimefurahi. Kidole kinauma lakini nimefurahi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepata akili nyingine, kubwa kuliko ya jana. Binamu yangu!

Binamu tunamwita Redio, kwa sababu hatujawahi kuona kwa kumzimia. Anauza sufuria mtaani kwa kipaza sauti. Nikamwambia Jumamosi wewe uwe mimi, mimi nikae nyuma niwe ndugu yako. Akasema kaka, hilo niachie mimi, wewe kaa ule. Nikamuuliza kama amesoma kitabu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kitabu ni kama sufuria, si lazima upikie ndipo uiuze.

Nikaona ana hoja.

Akataka kiatu cha kuvaa siku hiyo, maana mwandishi hawezi kuja na makobazi. Kulikuwa na jozi yenye ncha kali ambayo mwenyewe hajaifuata tangu mwaka juzi. Nikampa. Zinambana. Akasema ndiyo vizuri, mtu anayebanwa anaonekana anafikiri.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Leo nitalala usingizi. Ahsante, Redio.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Balaa! Balaa tupu!

Redio hakusubiri Jumamosi. Amekwenda kufanya mazoezi bombani, watoto wakiwa foleni ya maji. Akajitangaza kwa kipaza sauti kwamba yeye ndiye mwandishi, waulize wasiogope. Akasema amesoma ng'ambo. Akasema kitabu kilimjia ndotoni, na kwamba sufuria alizonazo ni imara. Hapo bado hapakuharibika. Kisha mtoto mmoja akauliza habari za Kandambili. Redio akauliza, Kandambili yupi? Wakasema yule wa mtaroni. Redio akasema, aah, yule! Yule alikufa.

Kwa kipaza sauti!

Wanasema kilio kilisikika mpaka sokoni. Ndoo zimeachwa zinafurika. Redio mwenyewe amekuja kunieleza, anahema, anasema watoto wa siku hizi hawana moyo mgumu.

Hata hajamaliza, nikaona mama mmoja anakuja mbio, kandambili mkononi, ameinyanyua juu. Nikaingia chini ya benchi. Redio alishafika kona ya pili. Yule mama akainama akaniambia nitoke huko, hakuja kunipiga, ukanda umekatika anataka nimshonee, ila nikimaliza nimwambie kwa nini nimemuua Kandambili, mtoto wake amegoma kula. Nilitaka kumwambia yuko hai. Maneno yakafika mpaka kwenye meno yakarudi. Uzi nao ukakataa kuingia kwenye sindano. Nikamwonyesha kwa kidole: kesho.

Jioni kaja Kamba Nyekundu. Akasema shikamoo fundi. Akaweka kitabu juu ya benchi. Akasema chukua kitabu chako, akaondoka.

Alinisalimia kwanza. Nashukuru kwa hiyo shikamoo. Angenitukana isingeniuma hivi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepoteza sauti. Yaani, nimeamua nimeipoteza. Nimejifunga skafu ya dada shingoni, nimeamka nakohoa kwa mpangilio.

Dada yangu mkubwa anafua mashuka hospitalini, kwa hiyo anajiona nusu daktari. Akaniambia fungua mdomo. Akaangalia. Akasema koo hilo ni safi, unaweza kulaza wageni humo. Lakini kwa kuwa mgonjwa mwenyewe amesema anaumwa, atatibiwa: maji ya moto na chumvi, kusukutua asubuhi, mchana, jioni, na kazini aende. Nimesukutua. Hata ulimi umekuwa kama soli ya zamani.

Akapita maktaba kutoa taarifa. Nilijua sasa nimepona, yaani nimeumwa vizuri. Amerudi na salamu za pole. Mama Maktaba anasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, ataazima kipaza sauti, hata nikinong'ona nitasikika mpaka uani.

Kipaza sauti! Nilichokimbia kimenitangulia!

Wakati anapiga pasi shati langu, dada akaongea bila kuniangalia. Akasema mdogo wangu, mama angekuwepo kesho angekaa kiti cha mbele kabisa, na angewaambia wa nyuma wanyamaze. Kwa kuwa hayupo, nitakaa mimi. Nimeomba ruhusa kazini. Sasa ukitoroka, ujue unamtoroka nani.

Nikavua skafu. Nikamrudishia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mkono unaandika wenyewe. Ngoja nianze mwanzo.

Chumba kimejaa. Viti vya watoto vimeisha, wengine wamekaa chini, wengine dirishani. Mimi mbele, mezani, na hicho kipaza sauti kimeninyooshea shingo kama bata. Dada kiti cha mbele, na kitabu cha kabatini kwenye mapaja. Mchapishaji pembeni yake: viatu vyeusi, visigino virefu, cha kushoto kimelika kwa nje. Huyo ni mtu wa haraka. Redio mlangoni, kwenye zile ncha kali, ananionyesha dole gumba.

Swali la kwanza: mawazo unayatoa wapi? Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo. Kipaza sauti kikauchukua upepo kikaupeleka chumba kizima, fuuu. Watoto wakacheka. Swali la pili: Nchi ya Viatu Pweke iko wapi? Fuuu. Mchapishaji akatazama saa. Dada akatazama dari. Mimi nikatazama chini, ndiko ninakokaa siku zote.

Ndiyo nikaona kamba nyekundu inakuja. Yule binti ametoka kwenye kiti chake, anakuja mbele, na soli ya mguu wa kulia imeachama, inapiga sakafu pa, pa, pa. Akajikwaa hapo hapo mbele ya meza. Chumba kikamcheka. Akasimama, uso umemwiva.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda ukakichukua kiatu. Sindano nilikuwa nayo kwenye ukosi wa shati, haitoki hapo hata nikienda msibani, na uzi mfukoni. Nikainamisha kichwa, nikapitisha sindano mara ya kwanza. Na sauti ikatoka! Mimi mwenyewe nilishtuka, nikageuka kuona nani anaongea.

Nikajibu la kwanza, nikajibu la pili. Nikasema Nchi ya Viatu Pweke ni mbali kwa mwenye viatu viwili, karibu kwa mwenye kimoja. Mtoto wa dirishani akavua chake akanirushia niendelee. Mwingine akaleta. Wenye viatu vizima nikawasikia wanavivunja, krrr, nyuma huko. Mlima wa viatu mezani! Umesoma mpaka wapi? Nikawaambia darasa la tano, halafu baba akafa, nikashika nyundo. Hawakucheka. Kandambili amekufa kweli? Nikasema aliyesema amekufa anauza sufuria. Hapo wakacheka, na Redio akainama kama bwana harusi.

Kamba Nyekundu alikuwa bado amesimama, mguu mtupu juu ya mguu wenye kiatu. Akauliza: sasa anatokaje?

Mkononi nilikuwa bado na kiatu chake, kimechakaa, chepesi kama ganda la kitunguu. Nikakipima kiganjani. Na nikaona! Nikasema Buti alimcheka Kandambili siku zote, kwamba wewe huna uzito, upepo ukikohoa unaanguka. Sawa. Lakini mvua kubwa ikija, mtaro ukajaa, na Buti akateleza naye akaingia, Buti atakwenda wapi?

Chini, wakasema.

Na Kandambili?

Nasikia uzi unapita kwenye soli. Kisha yule binti, kwa sauti ndogo: anaelea.

ANAELEA! Chumba kizima! Viti vimeanguka! Mama Maktaba anasema shhh huku yeye mwenyewe anaruka. Na Buti atashika ukanda wa nani ili aokoke? WA KANDAMBILI! Mchapishaji hakupiga kelele, ni mtu mzima, lakini niliviona vidole vyake vya miguu vinacheza ndani ya viatu.

Amekubali. Kitabu cha pili kinatoka. Dada akalia, akasema ni vumbi la vitabu. Kamba Nyekundu akakagua mshono wangu, akauvuta, akaridhika, akaniomba nimrudishie kitabu chake. Nimemrudishia kwa mikono miwili.

Nimeshona viatu mpaka jioni. Nani mwenye bahati kama mimi?

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimekaa, nimetulia, nimefikiri ni nini hasa kiliniokoa. Jibu liko wazi. Kiatu kuvunjika kwa wakati.

Mchapishaji amekuja asubuhi. Anasema Jumamosi ijayo kuna shule nyingine inanitaka, ukumbi mkubwa, watoto mara tatu ya wale, na yeye atakaa mezani na mimi. Kisha akavua kiatu cha kushoto, akasema fundi, kisigino hiki kimelegea, niwekee.

Nikapata akili!

Kisigino kinataka misumari minne. Nikaweka mmoja. Gundi nikapaka kidogo, ya kuombea dua. Nimepiga hesabu vizuri: kitashika wiki nzima, Jumamosi atakaposimama kunitambulisha, paa! Nakidaka, nainama, naongea mpaka jioni. Sitatoa upepo tena. Sitamsumbua Redio wala koo langu.

Akavaa, akanishukuru sana, akasema mafundi waangalifu siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Nikasema ahsante mama. Akasema sasa hivi anawahi kwa watu wa mtambo wa kuchapia kuwaambia habari za kitabu cha pili, akaanza kupanda zile ngazi za kwenda barabara ya juu. Haraka haraka, kama kawaida yake.

Ngazi ya tatu. Ya nne.

Paa!

Ameshika reli. Yuko mzima. Kisigino kinashuka peke yake, kinanijia, na yeye anaita fundi, fundi. Nachukua nyundo. Mungu ni mwema jamani, hata sijafika nasikia maneno yameshaanza kuja.