Afande Okeny Amekwama Kesi ya Tatu

Habari aliileta Nafuna, na aliileta akiwa amesimama. Nafuna, fundi wa simu, hasimami kijiweni kwetu isipokuwa kuna msiba au umeme umerudi.

"Toleo la sita linatoka," alisema. "Na Koplo Masharubu amekuwa jaji."

Sabah alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi, akaendelea kumimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Kwa asiyetujua: kijiwe chetu ni mabenchi mawili mbele ya jiko la Sabah, hapa Kisenyi, katikati ya gereji na duka la spea. Vijiwe vingine hugombania mpira. Sisi tunagombania gemu ya simu. Wewe unakuwa wakili, mteja wako ameshtakiwa kwa mauaji, mashahidi wanapanda kizimbani mmoja mmoja wakidanganya, na kazi yako ni kuushika uongo na kuuonyesha kwa ushahidi. Jina lake halisi ni la Kizungu, refu kama jina la kanisa jipya, kwa hiyo tunaiita Kizimbani. Majina ya wahusika nayo yalitushinda, tukawabatiza upya. Wakili tunamwita Koti, kwa sababu hajawahi kulivua. Mwendesha mashtaka ni Bwana Barafu, anayetafuna vipande vya barafu shahidi akilia. Na Koplo Masharubu ni askari wa toleo la pili.

"Jaji?" aliuliza Abdul-Karim, mwenye duka la spea. Tunamwita Mahakama Kuu kwa sababu akishasema, amesema. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili anakilinda kama shamba la urithi. "Mtu aliyesema uongo chini ya kiapo anapewa ujaji?"

"Banange, jamani, ndivyo ilivyo nchi zote," alisema Nafuna. Jina lake la kijiweni ni Rufaa. Hajawahi kukubali kushindwa.

"Nani alisema uongo?" aliuliza Afande.

Tuligeuka. Okeny, mtu wa Gulu anayekaa Kisugu, sajenti mstaafu, miaka thelathini na moja ya polisi, alikuwa ameinamia simu yake kwenye ncha ya benchi. Alikuwa amekwama pale pale kwa wiki ya sita, toleo la pili, kesi ya tatu.

Kesi yenyewe si ngumu. Mwoka mikate ameuawa adhuhuri, kashtakiwa msaidizi wake. Koplo Masharubu anaapa kwamba alikuwa ng'ambo ya barabara na alimsikia msaidizi akipiga kelele, "Leo nakuua!" Sasa, hapo alipokuwa amesimama kuna kinu cha kusaga unga, na daftari la kinu linaonyesha kinu kilikuwa kinanguruma saa hiyo. Daftari lipo kwenye mkoba wako tangu mwanzo wa kesi. Unamwonyesha Koplo daftari, anatokwa jasho, kesi imekwisha. Hata Sabah, ambaye hachezi, anajua.

Afande alikuwa amewashtaki wote wengine kwa uongo. Mjane. Padri. Mwenye kinu. Kasuku wa mjane, mara mbili.

"Yule kasuku iko na wasiwasi," alijitetea.

"Ana wasiwasi," alisahihisha Abdul-Karim.

"Umeona? Hata wewe unakubali."

Nafuna alimgeukia Mahakama Kuu. "Haya ni matunda ya Bwana Barafu wako. Alimleta Koplo kizimbani bila kumuuliza alikuwa amesimama wapi."

"Bwana Barafu hufanya kazi na ushahidi aliopewa. Mpishi hapiki chakula kisichokuwa sokoni."

"Mpishi ananusa nyama kabla ya kuitia chunguni."

"Wakili Koti je? Toleo la nne alimtetea mtu siku tatu nzima ndipo akagundua mteja ndiye muuaji. Siku tatu, Nafuna! Mimi mteja akiiba boliti moja namjua kwa kukohoa."

"Alikuwa na imani na mteja."

"Imani ipeleke msikitini. Kortini peleka risiti."

"Nyinyi mtagombana mpaka tangawizi iishe," alisema Sabah, "na huyu Afande ataendelea kumtesa ndege wa watu. Nafuna, msaidie mzee wako, bambi, tafadhali."

Nafuna akakaa karibu na Afande. "Ssebo, bwana mkubwa, tazama. Fungua mkoba. Daftari la kinu hili hapa. Bonyeza, mwonyeshe Koplo. Sekunde mbili tu."

Afande aliivuta simu kifuani. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Askari hapana danganya kortini."

"Hadanganyi," alisema Abdul-Karim.

"Hata hiyo."

Tulicheka, isipokuwa Nafuna. Kazi yake ni kufungua vitu vilivyofungwa na mwenye kiwanda ili visifunguliwe.

"Afande," alisema polepole. "Padri umemwita mwongo. Padri! Na wewe ni mtu wa misa kila Jumapili. Lakini Koplo hujamgusa hata kwa kidole, wiki sita. Huyu mtu amekufanya nini?"

Afande aliweka simu kwenye benchi. Akakiweka kikombe kando ya simu. Akavipanga vizuri, kama vitu vya mahabusu anayekabidhiwa kaunta.

"Mwaka wa elfu mbili na tisa," alisema, "nilikuwa koplo."

"Ulikuwa na masharubu?" aliuliza Abdul-Karim.

"Madogo."

Hakuna aliyecheka tena.

Alitueleza kwa Kiswahili chake cha polisi, bila kupamba, kama anayesoma taarifa ya zamu. Ilikuwa Katwe, saa sita mchana, kwenye karakana za chuma. Mwenye karakana moja alivunjika bega, akaanguka, akapoteza fahamu. Kijana wake wa kazi, Ocira, alikutwa amesimama kando yake. Afande alikuwa barabarani, kama hatua arobaini hivi. Aliona mdomo wa kijana unafunguka. Kituoni, mkubwa wake akamwuliza: "Wewe ulisikia akimtisha mzee, siyo?"

"Lile swali lilikuja na jibu lake," alisema Afande. "Mimi nikasema ndiyo. Kortini pia nikasema ndiyo. Nikasema nilimsikia akisema, 'Leo utaniona.' Nikaapa."

"Na ulisikia nini?" aliuliza Nafuna.

"Katwe saa sita mchana? Nyundo mia mbili? Nilisikia nyundo."

"Wakili wake hakuuliza?"

"Hakuwa na wakili."

Mahakama Kuu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Alifungwa?"

"Miezi kumi na minane. Luzira."

"Yuko hai?"

"Yuko. Ana karakana yake sasa, anatengeneza sigiri, yale majiko ya makaa. Mimi nikienda Katwe napita barabara nyingine." Akaitazama simu pale benchini. "Hii gemu, nilidhani ni mchezo wa kupitisha wakati wa pensheni. Nafuna ndiye alinipa. Nilipofika kwa yule Koplo nilijua siku hiyo hiyo. Daftari nililiona dakika ya kwanza. Nilifikiri labda kuna njia nyingine ya kushinda."

"Hakuna," alisema Nafuna kwa sauti ya chini.

"Nimejaribu hata kasuku."

Sabah ndiye aliyesema lile ambalo wanaume tulikuwa tunalizunguka. "Basi nendeni mkamwambie. Kahawa haitawakimbia."

"Subiri," alisema Abdul-Karim, na safari hii hakuwa anatania. "Afande, ushahidi wa uongo ni kosa. Ukifungua mdomo, unaweza kufungwa wewe, na mvi zako hizo."

"Najua. Hicho kifungu nilikuwa nakifundisha makuruta."

"Ukiwafundisha nini?"

"Kwamba ni kibaya."

Akasimama. Nafuna naye akasimama. Mimi nilichukua karatasi, kwa maana mimi ndiye Karani, nawaandikia watu barua na kuuza madaftari. Abdul-Karim alitutazama tukianza kuondoka, kisha akashusha mlango wa duka lake kwa kishindo. Mlango huo hushuka mchana wa Ijumaa tu, saa ya sala. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Katwe si mbali na kwetu. Tulienda kwa miguu, Afande mbele, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Njiani Nafuna na Mahakama Kuu walijaribu kurudi kwenye ubishi wa Wakili Koti na Bwana Barafu, ukawafia mdomoni.

Kelele za Katwe zilitulaki kabla hatujafika. Watu wanakunja mabati, wanakata vyuma, wanagonga mapipa yawe masanduku. Ocira tulimkuta amechutama katikati ya sigiri kama thelathini, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, nyundo mkononi. Alimwona Afande. Hakusimama, lakini nyundo nayo haikushuka.

Afande alisema kitu.

"Nini?" aliuliza Ocira.

Afande akasema tena.

"Sisikii! Ongeza sauti!"

Afande alijaza pumzi, kifua kikavimba kama cha kijana wa depo, akapiga kelele. Na Mungu ni fundi wa mambo yake: sekunde ile ile umeme ukakatika. Mashine za kukatia zikafa zote, na wenye nyundo wakainua vichwa kuona kumetokea nini. Mtaa mzima wa Katwe ukasikia mzee wa watu akinguruma:

"NILIDANGANYA KORTINI! SIKUSIKIA ULICHOSEMA!"

Bata mmoja alivuka njia. Ndiye peke yake aliyekuwa na shughuli.

"Najua," alisema Ocira. "Mimi nilikuwepo."

Nadhani Afande alikuwa amejiandaa kupigwa, au kufukuzwa, au kusamehewa. Hilo hakujiandaa nalo.

"Umekuja kwa nini?" aliuliza Ocira.

"Kuandika kiapo. Kipya. Huyu ni karani, hawa ni mashahidi."

Ocira aliweka nyundo chini. "Umechukua miaka mingi kutembea kutoka barabarani pale."

"Ndiyo."

"Mama alikufa akiniuliza kwa nini nilimtisha mzee aliyekuwa ananilisha. Nilimwambia sikumtisha. Alisema, 'Mwanangu, askari aliapa.' Alikuwa mtu wa dini. Kiapo kwake kilikuwa kiapo."

Mikono ya Afande ilikuwa imenyooka kandokando ya suruali. Kundi la mafundi lilikuwa limeshatuzunguka. Mmoja wao alimuuliza Afande, kwa upole kabisa, kama angependa kukalia pipa. Alisema atasimama.

Nafuna ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Ssebo, siku ile ulisema nini hasa?"

Ocira alinyoosha kidole juu, kwenye boriti za karakana ya jirani, ambako vyuma virefu vilikuwa vimeegemezwa.

"Vilikuwa vimepangwa hivyo hivyo. Kimoja kikaanza kuteleza. Nikasema, 'Mzee, hama, chuma inaanguka.' Hakusikia. Kelele." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Mwenyewe alipopata fahamu hakujua kilichompiga, maana kilitoka nyuma. Mimi nilieleza korti hivi hivi. Hakimu akasema askari hana sababu ya kudanganya." Akamtazama Afande. "Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo," alisema Afande. "Hiyo ndiyo mbaya yake. Hata kitu kidogo sikupewa."

Abdul-Karim alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akisema *astaghfirullah*, na hakumsahihisha mtu neno lolote tena siku hiyo.

Niliandika kiapo juu ya sigiri iliyopinduliwa. Afande alitamka, mimi nikaandika, na Ocira akataka kila mstari usomwe kwa sauti. Tulipofika kwenye "chuma inaanguka", nikauliza kama niandike "kinaanguka".

"Andika nilivyosema," alisema Ocira.

Nikaandika alivyosema.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote kwa wakili, Bi Lamwaka, mwanamke mwembamba ambaye simu yake Nafuna aliwahi kuiokoa kutoka kwenye ndoo ya maji. Alisoma karatasi yangu mara mbili. Akavua miwani.

"Hii inaweza kurudisha kesi kortini," alimwambia Ocira. "Itachukua muda. Miezi minane, labda mwaka. Jina lako linaweza kusafishwa."

"Miezi minane ya nje naiweza," alisema Ocira.

"Lakini wewe, Afande," aliendelea, "ukiweka sahihi hapa, wanaweza kukufungulia mashtaka. Unaelewa?"

"Naelewa, madam," alisema Afande, na akaweka sahihi kabla hajamaliza kutamka "madam". Nafuna alikuwa anatazama dirishani, pua imemjaa.

Ocira aliitazama ile sahihi kwa muda. Kisha akamwuliza wakili, "Wakimshtaki, shahidi atakuwa nani?"

"Wewe. Alikiri mbele yako. Utaapishwa, utaulizwa."

Ocira alifikiri. Tulingoja, sote wanne, kwenye viti vitatu.

"Kuhusu siku ya kesi," alisema, "nitawaambia alidanganya. Alidanganya."

Afande aliitikia kwa kichwa.

"Na wakiniuliza kuhusu siku ya jana, nitawaambia alikuja mwenyewe, hakuna aliyemleta, akasema kweli." Akasimama, akajipangusa vumbi la chuma kwenye goti. "Hiyo nayo nilisikia. Umeme ulikuwa umekatika."