Nyuki Kwenye Kofia ya Baba Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani. Shangazi anagonga mlango, anataka nitoke nile. Siwezi kula.

Mnaonifahamu mnaujua ugonjwa wangu. Nikiona nembo nzuri, mkono unawasha. Nembo ya soda, ya mtandao wa simu, ya timu ya mpira, hata ya mfuko wa sembe, zote nimezidarizi kwenye vitambaa vya makochi hapa mtaani kwetu Isevya. Sijawahi kumwomba mtu ruhusa. (Nilidhani nembo ni kama ua la njiani, ukilipenda unachora.)

Sasa mchumba wangu Idrisa, baba yake anauza asali. Si ile ya kuzungusha kwenye ndoo. Mzee ana chupa zake, lebo zake, na nembo ya nyuki aliyoisajili. Leo yeye, Idrisa na wazee wenzake walikuja kwetu kupanga tarehe ya ndoa. Nami nilikuwa nimeshajiwazia siku nyingi: nitamshonea kofia kwa mkono wangu, na kuizunguka yote nitamweka nyuki wake. Mzee gani atamkataa mkwe wa namna hiyo?

Huyo nyuki nilimnakili kwenye chupa aliyoniletea Idrisa mara ya kwanza alipokuja kwetu. Aliniambia imetoka kwa baba yake. Chupa hiyo sijawahi kuifungua. Nimeiweka juu ya kabati, na vumbi naifuta mwenyewe. (Mnacheka. Ninyi hamjawahi kupenda.)

Kofia zenyewe mnazijua, zile za vitundu. Unatoboa kitambaa, unazungushia uzi kila kitundu, na hayo matundu ndiyo yanayotoa picha. Nilianza kabla ya Ramadhani. Nimemaliza juzi, macho mekundu, vidole vimechomwa hadi vimekufa ganzi.

Haya. Wageni wakafika baada ya adhuhuri. Shikamoo, marahaba, karibuni, pilau ikaliwa, baba yangu akatoa utani wake uleule wa kila mgeni. Shangazi akaniita. Nikaingia na sinia lililofunikwa kanga, nikapiga magoti. Baba mkwe akavua kofia yake ya zamani, akavaa yangu. Ilimkaa! Shangazi akapiga kigelegele, simu zikatolewa, na picha zikafika kwenye kundi la ukoo wao kabla sijainuka pale chini.

Mzee mmoja akampa baba mkwe simu ajitazame. Akajitazama, akatabasamu. Akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Tabasamu likaondoka. Akaivua kofia taratibu, akaishika mbele ya macho yake.

"Mwanangu, huyu nyuki umemtoa wapi?"

Nikajibu kwa madaha yote niliyonayo, "Ni wako, baba."

"Wangu anaangalia kulia. Huyu anaangalia kushoto."

Nikaipokea kofia, nikaizungusha. (Ndiyo, niliizungusha. Akili ilikuwa imeshaondoka.) Nyuki wote wakaendelea kwenda kushoto, wamefuatana. Nikaipindua juu chini. Hapo wakaangalia kulia, ila miguu juu. Nikairudisha kimya kimya kwenye sinia.

Ndipo mzee akamgeukia baba yangu, akaeleza kwa upole ulionitisha kuliko ukali. Kuna wahuni wanachemsha sukari, wanaitia kwenye chupa na kubandika nyuki wake. Walipomnakili walimchora kinyume, na hapo ndipo anapowatambua. Wateja wanamrudishia chupa ambazo hakuzijaza yeye, jina lake linaharibika sokoni, na amewatafuta watu hao bila kuwapata. Leo amemkuta nyuki wao kwenye nyumba aliyokuja kumchukulia mwanawe mke.

Hakuna aliyesema kwamba sisi ndio wezi. Ila mzee mmoja alimwuliza baba, kwa heshima kabisa, anajishughulisha na nini. Baba yangu ni fundi cherehani, mtaa mzima unajua. Alijibu kwa kigugumizi mpaka hata mimi nikaanza kumshuku.

Nikakimbilia chumbani, nikaileta ile chupa. Niliona ndiyo itakayotuokoa. Baba mkwe akaitazama lebo, akaifungua, akachovya kidole, akalamba. Akajifuta kwa leso. Akauliza ni nani aliyetuuzia.

Nikamtazama Idrisa. Idrisa alikuwa anautazama mkeka. Jamani, nikisema, nimemchongea mchumba wangu mbele ya wazee wake. Nikinyamaza, sisi ndio wachemsha sukari.

Shangazi yangu tangu azaliwe hajawahi kukaa na neno moyoni.

"Si aliileta Idrisa mwenyewe! Tena alisema imetoka kwa baba yake."

Idrisa akakohoa, akasema kweli. Alikuwa safarini kuja kwangu, baba yake alikuwa hajaambiwa habari zangu, akaogopa kumwomba chupa maana angeulizwa anampelekea nani. Akanunua dirishani mwa treni kwa mtu aliyekuwa akikimbia nayo huku treni inaondoka. Nyuki hakumwangalia.

Baba yake akamsogezea chupa karibu na uso.

"Asali hii imekulisha. Imekusomesha. Nyuki wangu humjui?"

Nililia. Sisemi kwa mapambo, nililia kwelikweli, wanja ukashuka hadi kidevuni, na picha wakapiga pia. Nilimwonea huruma yule mzee kuliko nilivyojionea mimi. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu. Hata angeangalia kulia, nembo ina mwenyewe. Ungeniomba."

Nikasema nisamehe, baba. Akasema amenisamehe, na kuanzia leo ameniruhusu kumshona nyuki wake. Lakini kofia ile na chupa ile anakwenda navyo polisi, akawaonyeshe kwamba wahuni wamemfikia mpaka kichwani. Baba yangu akauliza kwa sauti ndogo, je, tarehe?

"Tarehe tutapanga siku nitakayovaa kofia ya nyuki wangu."

Wakaaga, wakaondoka. Sijui alitania au alimaanisha. Baba naye hajui, amekaa nje na futi ya kupimia shingoni.

Msiniambie ningemwomba aniachie ile niifumue. Uzi unafumuliwa, kitundu hakifumuliwi. Ni kitambaa kipya, cheupe, mwanzo kabisa, ndoa yangu imekaa pembeni inasubiri nyuki. Na ninyi mlioagiza nembo za timu, msinitafute. Nendeni mkawaombe wenyewe kwanza.

Sasa hivi Idrisa amenitumia ujumbe. Samahani mpenzi, tuko pamoja, niambie nikusaidie nini. Nikasema ngoja nimpime. Nikamwuliza, nyuki wa baba yako anaangalia wapi?

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

"Mbele."

Naomba asicheke mtu. Huyo ndiye ninayetobolewa vidole kwa ajili yake.