Maji ya Saa Nne

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Mashindano! Bi Zainab, injinia wa mradi wetu wa mafuriko hapa Kibiti, katangaza leo. Mimi na Mfaume kila mmoja aandike programu ya kukokotoa kina cha maji kule Salale, kwenye delta, mto unapoingia baharini. Atakayepata majibu ya kweli, tena upesi, anahamia Dar kuwa mkuu wa chumba cha kompyuta. Chumba kina kiyoyozi! Mfaume arudi kwao Salale akavue kamba.

Jumanne, 16 Aprili

Kompyuta haiuoni mto. Inaruka kutoka saa hadi saa, inakadiria. Mfaume, mwoga, anairusha robo saa robo saa. Ilianza asubuhi, mchana bado inanguruma. Yangu inaruka nusu siku: saa nne asubuhi, saa nne usiku, basi. Imemaliza chai haijapoa. Inasema maji ya Salale hayapandi wala hayashuki, yako kwenye kifundo cha mguu siku zote. Mfaume kusoma, akacheka mpaka akakohoa. Wivu.

Alhamisi, 18 Aprili. Salale

Nimejitolea kuja kusoma kipimo, mti wenye namba uliosimikwa kwenye tope kando ya mikoko. Mfaume hakupinga, mjinga yule. Saa nne asubuhi: kifundo cha mguu. Sawasawa na programu!

Jioni mti ulizama wote. Mwenyeji wangu, Bi Mwajabu, akasema ndiyo maji kujaa, tena ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo, ila sisi watu wa bara, wa kwetu Ngarambe, tunajua tembo wa porini tu. Nikamjibu kwa heshima kwamba ile si saa ya kipimo. Sikuandika.

Nimempigia Bi Zainab redio: aje kesho saa nne ashuhudie mwenyewe.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilitandika mkeka, nikaweka meza, viti, chupa ya chai na grafu yangu pembeni ya kipimo. Saa nne, maji kifundoni. Wageni hawapo! Kumbe Mfaume, mcha Mungu wa ghafla, kashauri waje baada ya sala ya Ijumaa.

Walifika saa kumi. Nilikuwa majini mpaka kifuani, chupa ya chai kichwani. Viti vinaelea. Bi Zainab akauliza kipimo kiko wapi. Nikaonyesha chini. Mfaume akakunjua grafu yake: saa kumi, maji juu kabisa. Yangu ilikuwa njiani kwenda baharini.

Nilitamani nizame.

Jumatatu, 22 Aprili

Mfaume kahamia Dar. Mimi nimebakizwa Salale, nisome kipimo kila robo saa, mchana kutwa, mpaka nilijue bamvua. Imeniuma sana, machozi yamenitoka.

Lakini nimeshapanga. Nitasoma mara moja tu, saa nne. Zilizobaki nitajaza mwenyewe: kifundo cha mguu.