Mkataba wa Uwanja na Siku ya Kulungu

Jumatatu, 11 Novemba
Nimeupata! Mwaka wa tatu huu nasaka mwanya wa kuitoa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani kwenye uwanja wa kupanga wa Bi. Verna Skubal, wenye vyoo viwili na harufu ya ng'ombe. Kumbe upo kwenye kifungu cha tisa cha mkataba: mechi ya mwisho ya nyumbani ikikosa watazamaji mia tano, tunaondoka bila fidia. Mkuu wa chuo kanipa hadi mwisho wa mwezi. Nikishindwa, nakwenda kufua jezi. Mimi, Orrin Tesch, meneja wa timu!

Jumanne, 12 Novemba
Nimesogeza mechi hadi tarehe 23. Siku ya kwanza ya kuwinda kulungu! Hapa jimboni Wisconsin, siku hiyo watu wote wako porini, hata maiti anasubiri kuzikwa. Kocha ameniuliza kama nimerogwa. Bunduki yake ameshaipaka mafuta. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Mzito kuelewa, yule.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimemkuta Bi. Verna akishusha masanduku ya soseji. "Orrin, mwanangu, mbona wacheka peke yako?" Nikasema ni jino. Namwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Jumamosi, 23 Novemba
Balaa! Saa nne asubuhi walikuwapo watu arobaini, nikakaribia kucheza ngoma. Saa sita wakaja wake wa wawindaji, mabasi manne, wamechoka kuachwa nyumbani. Saa saba wawindaji wenyewe, majaketi ya rangi ya chungwa, kila gari na kulungu wake. Kumbe Bi. Verna alitangaza redioni kuwa pembe zitashindanishwa katikati ya uwanja wakati wa mapumziko. Watu elfu nne! Tumechapwa 41 kwa 3 na hakuna aliyeondoka. Ndipo Bi. Verna akanionyesha kifungu cha kumi, ambacho sikukisoma: wakizidi elfu tatu, mkataba unajiongeza miaka kumi. "Ahsante, mwanangu," akasema, akanipa soseji. Nikaila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaniuma.

Jumatano, 27 Novemba
Chumba cha kufulia kiko chini ya jukwaa la uwanja uleule. Mkuu alinikabidhi sabuni. Lakini mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa ni la kulungu, kujileta mapema vile. Sasa nimesoma kifungu cha kumi na mbili: uwanja ukifurika maji usichezeke, tunaondoka. Na humu nina mabomba sita! Nimeelekeza mipira yote ya maji uwanjani tangu asubuhi. Baridi imekaza, pua siisikii. Bi. Verna amepita, ameutazama uwanja unavyong'aa kama kioo, akanishukuru tena. Getini watu wanapanga foleni na viatu vya kutelezea barafuni. Sijui wanatafuta nini.